Nyasi za Shimo la Tisa

Bisimwa alianza kuogopa nyasi mwaka ule wa kiangazi kikali, miaka michache baada ya nchi kupewa jina la Zaïre na watu kuamriwa waweke kando majina yao ya ubatizo. Mtu kuogopa nyoka, sawa, nani atamcheka? Lakini mtu mzima, baba wa watoto, mkulima mzaliwa wa Mudaka, kuamka alfajiri moyo ukimdunda kwa sababu ya nyasi zilizolala bila kumwagiwa maji, hilo ni la kushangaza, na mke wake Adélaïde hakuacha kushangaa.

Sababu ilikuwa gofu. Kwenye mojawapo ya rasi zinazoingia ziwani kule Ibanda, Wabelgiji wa zamani walitengeneza kiwanja cha mashimo tisa, wakacheza, wakanywa bia yao barazani, na siku walipoondoka wakakiacha hapohapo. Vita vikaja, vikapita. Askari walipiga kambi, wakachoma milango ya klabu kupikia chakula. Nyuma yao wakaja mama wa mihogo na maharage, maana Bukavu ardhi haikai bure, na kwa miaka kadhaa kiwanja kile kilishibisha watoto wengi kuliko kilivyowahi kufurahisha wachezaji. Halafu mtu mmoja aitwaye citoyen Bulonza, yaani raia Bulonza, kama wote walivyotakiwa kuitana, mwenye tumbo la heshima na abakosti ya rangi ya kahawia, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, akapewa uenyekiti wa kamati ya kukifufua. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Kinshasa na Ulaya, na mgeni mkubwa, alisema Bulonza, haonyeshwi mihogo. Mihogo ikang'olewa na mikono ileile iliyoipanda, tena bila malipo, kwa sababu ilifanywa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi ambayo raia wote walitakiwa kuifanya kwa furaha.

Wageni wenyewe hawakuwa na haja ya mashimo tisa. Ratiba ilisema watapiga mpira mara moja tu, kwenye shimo la tisa lililo mbele ya baraza, watapigwa picha, kisha watakwenda kula. Kwa hiyo mashimo manane yalifyekwa tu yasionekane kichaka, na roho ya kazi yote ikawekwa kwenye shimo la tisa. Hapo ndipo palipokuwa na lile duara laini linalozunguka shimo, ambapo mpira huviringishwa polepole hadi utumbukie. Wachezaji huliita grini. Bulonza aliwahi kuliona Uswisi alikopelekwa kwa semina, akarudi nalo kichwani, akataka lake liwe hivyohivyo, kijani na laini, mtu angeweza kulilalia.

Msimamizi wa kwanza aliitwa Firmin. Pipa moja la mazuti, mafuta ya lori, lilipotea, na Firmin hakujua limekwenda wapi, au alijua na hakusema. Vyovyote vile, vijana wa Bulonza walimchukua, wakamweka kwenye kacho moja, selo ambayo watu hawakuitaja kwa sauti. Alirudi na mguu wa kulia usiokunjika. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa kwenye ngazi ya nyumba yake huko Kadutu, mguu ameunyoosha mbele, na kila Bisimwa alipopita kwenda kazini alilazimika kuuruka. Onyo lingine halikuhitajika. Mguu ulitosha.

Bisimwa aliitwa kuchukua nafasi yake kwa sababu alikuwa ametunza maua ya mapadri kwa muda mrefu na alikuwa na mkono wa kustawisha. Hakukataa. Nani alikuwa anakataa wakati ule? Alichukua mashina ya paspalumu, nyasi fupi za kutambaa, akayapanda kwenye lile duara shina kwa shina kwa mstari, akayamwagilia maji ya ziwa asubuhi na jioni, na zilipoanza kushikana akawa anazipunguza kwa mkasi wa fundi cherehani. Mashine ya kukatia ilikuwepo, lakini ilikuwa inangoja kipuri kutoka Kinshasa, na vitu vinavyongoja kutoka Kinshasa tunavijua.

"Citoyen Bisimwa," Bulonza alimwambia siku moja, akiwa amesimama pembeni ili viatu vyake visikanyage. "Hii majani ikikufa, mimi sitauliza kama jua ilikuwa kali. Nitajua kama kuko saboteur, mutu anaharibu na makusudi. Na saboteur anajua fasi atalala."

"Ndiyo, président."

"Sikutishi. Nakuambia tu."

Nyasi hazikufa. Wiki moja na siku chache kabla ya wageni, duara lile lilikuwa kijani tupu katikati ya kiwanja kilichokauka, na Bisimwa alianza kulala usingizi wa kweli. Hapo ndipo penye hatari, mtu anapoanza kulala.

Sasa lazima nieleze habari ya mama mkwe, maana bila hiyo mtamwona Bisimwa mpumbavu, na hakuwa mpumbavu.

Mama yake Adélaïde aliitwa Eulalie. Chama tawala kilimpa jina lingine kwenye kadi, lakini mtaa mzima wa Cimpunda ulimwita Maman Eulalie, isipokuwa Bisimwa, ambaye hakuwahi kulitamka jina lake lolote. Kwao, mwanamume hamtaji mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake. Hampi mkono, kwa sababu mkono hupewa mtu baki. Wakikutana njiani, mkwe hutoka nje ya njia, huinamisha uso mpaka mama apite, na wakiwa na neno la kuambiana humtafuta mtu wa tatu wa kulipitisha, hata kama wamesimama hatua chache tu. Mtu wa nje akiona anadhani wamegombana. La, huko ndiko kupendana. Maman Eulalie alimpenda mkwe wake kupita kiasi. Alipokuwa na ndizi nzuri, alizipeleka kwa Adélaïde na kusema hajui zitaliwa na nani.

Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kina mama wa Cimpunda walioletwa gofu kila Jumamosi. Mpaka siku ile haikuwa taabu yoyote, kwa sababu kulikuwa na Gaston. Gaston alikuwa msaidizi wa Bisimwa, mtu wa Mwenga, mwenye maneno mengi na asiye na mkwe yeyote Bukavu. Bisimwa alimwambia Gaston, Gaston akawaambia kina mama: leo fyekeni huku, leo chomeni kule, pale karibu na baraza msikanyage. Kazi ilikwenda. Maman Eulalie na mkwe wake walifanya kazi kiwanja kimoja miezi yote hiyo bila kukutana uso kwa uso, na kila mmoja alijua alipo mwenzake.

Jumamosi ile asubuhi, wiki moja kamili kabla ya wageni, Bulonza akamtuma Gaston na lori kwenda kuchota mchanga wa njia. Ndivyo ilivyoanza. Bisimwa alikuwa ndani ya klabu akipaka chokaa, akachungulia dirishani, akaona kina mama wanateremka, majembe begani, Maman Eulalie mbele. Akatafuta Gaston kwa macho kabla hajakumbuka kwamba hayupo.

Angefanya nini? Angemwita mwanamke mmoja ampe maagizo. Lakini wote walikuwa nyuma ya mama, na kumruka mkubwa wao ukamwita mdogo ni tusi kubwa kuliko kumwagiza mwenyewe. Angesimama barazani apaze sauti akiwa ametazama ziwa. Alilifikiria hilo, akaona haya, masikio yakamwaka moto. Akajiambia kwamba wanajua kazi. Uwanja wa chini kando ya maji ulikuwa bado na magugu ya kutosha kuwashughulisha mpaka jioni. Akarudi kwenye chokaa yake, akapaka ukuta mmoja mara mbili.

Lakini hakuwa na raha. Kila baada ya muda alichungulia. Waliinama uwanja wa chini, wakaimba, wakafyeka. Akachungulia tena: wamefika katikati. Wanawake wa Cimpunda hawajui kufanya kazi polepole. Mwenye maharage yake nyumbani yanayongoja hachezi na jembe. Jua lilikuwa bado juu walipomaliza. Bisimwa akawaona wanajinyoosha viuno, wanapangusa nyuso, wanatazama huku na kule. Akaona mama mkwe ananyoosha kidole kuelekea baraza.

Wapite, aliomba moyoni. Wapite waende zao.

Hawakupita. Walipanda hadi kwenye duara la shimo la tisa, wakalizunguka, wakaliangalia. Bisimwa alishika dirisha kwa mikono yenye chokaa. Alijisemea kwamba wanalistaajabia, na kwa muda mfupi hata alifurahi. Kisha wakainama.

Ndugu yangu, jaribu kuliona kwa macho ya mwanamke wa huko. Nyumba ya mtu mwenye heshima haina nyasi mbele ya mlango. Uwanja wa nyumba hupaliliwa mpaka jani la mwisho, hunyunyizwa maji, hushindiliwa, hufagiwa kila asubuhi, na ukipita nyumba yenye majani uani unajua mwenyewe ni mvivu, ni mgonjwa au ni marehemu. Na hapa, mbele ya baraza ya wakubwa, mahali pote pakiwa pamefyekwa, palikuwa na majani yaliyonona, ya kijani, karibu yamefunika kishimo chenye kibendera. Kazi ya mkwe wake. Gaston alikuwa amesema wasikanyage, hakuwahi kusema kwamba majani yale yamepandwa. Wageni wakija watasema nini juu yake? Bila shaka mtoto wa watu alikuwa amezidiwa, wanaume waliompa wa kumsaidia ni wale wa maneno tu. Maman Eulalie aliona aibu kwa niaba yake, na akaamua kumtoa aibu hiyo kwa jembe lake mwenyewe.

Bisimwa alitoka mbio. Alishuka ngazi, akavuka njia, na alipofika karibu kiasi cha kusikia pumzi zao, miguu ikasimama yenyewe. Alikuwa pale, amegeuza uso upande wa ziwa, mkono mmoja umenyooka hewani, mdomo wazi, na neno halitoki. Halikutoka. Wanawake walimwona, wakacheka kwa adabu, wakadhani amekuja kushukuru. Aliposhindwa kabisa akageuka kutazama, na chini yake palikuwa udongo mtupu. Walikuwa wamekwishang'oa zote. Walikuwa wamekung'uta mizizi udongo ili zisiote tena, kama inavyotakiwa, na nyingine zimekwisha kuingia vikapuni kwa ajili ya mbuzi na sungura wa nyumbani. Baadhi walikuwa wanateka maji ziwani, wanamwagia, wanashindilia kwa miguu wakiimba, wengine wanafagia kwa matawi. Pale pote palilainika, pakang'aa. Ungeweza kuanika mtama.

Maman Eulalie alisimama akiwa amempa mkwe wake mgongo, kama heshima inavyotaka, akawaambia wenzake:

"Mumuambie bwana ya mutoto yangu kama tumemusafishia hapa. Bakubwa bakikuja, batakuta iko propre. Asiogope tena."

Mwanamke mmoja akarudia maneno yale yote kwa Bisimwa, ingawa alikuwa ameyasikia. Naye, Mungu amsamehe, akajibu:

"Mumuambie mama aksanti."

Gaston aliporudi na mchanga alimkuta msimamizi wake amekaa chini pembeni ya duara, mikono kichwani. Alitazama, akazunguka, akatazama tena.

"Chef," akasema, "majani iko wapi?"

"Cimpunda. Mbuzi iko nakula."

Walijaribu. Walifukua mashina machache yaliyokuwa yameachwa kwenye rundo, wakayachomeka, lakini jua lilikuwa limekwisha kuyakausha mizizi, na hata yangekuwa mabichi, nyasi haioti kwa wiki moja kiangazi. Gaston akasema labda wakate majani ya mapadri pamoja na udongo wake. Bisimwa akamkumbusha kwamba majani ya mapadri ndiyo aliyoyachukua mwanzo, na mapadri walikuwa bado wamenuna. Maji yakimwagika hayazoleki. Wakayang'oa tena yale waliyochomeka, maana yalipaharibu bure.

Jumapili baada ya misa Adélaïde alipika bugali na mchicha wa lengalenga, akatia na ndagala za Uvira alizokuwa ameziweka akiba. Mumewe hakugusa. Adélaïde akawatoa watoto nje, akafunga mlango.

"Papa Monique, sema. Nani amekufa?"

Akamwambia. Hakuficha kitu ila aibu yake ya dirishani. Adélaïde alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. Mwanzoni alitaka kucheka, nani asingecheka, kisha akakumbuka mguu wa Firmin na kicheko kikakatika.

"Bulonza atakuja lini?"

"Kesho asubuhi. Na bamama pia bameitwa, ju wiki hii salongo ni kila siku mpaka bageni bafike."

"Mama naye atakuwa pale."

"Atakuwa pale."

Nje Monique alikuwa akigombana na mdogo wake juu ya kamba ya kuruka.

"Akiuliza ni nani, utasema nini?" Adélaïde akauliza, na hakuthubutu kumtazama.

"Nitasema ni miye. Nitasema miye njo nilibatuma."

"Batakuvunja."

"Mama yako ni muzee. Mimi niko na mufupa. Yeye atapata wapi mufupa wa kuvumilia kacho?" Akashika mkono wa mke wake. "Usimuambie kitu. Akijua atakuja kusema ni yeye. Mwache na furaha yake."

Adélaïde alilia kidogo, kisha akampangusa mumewe uso kwa kitenge chake, japo aliyekuwa analia ni yeye. Alimwambia kwamba wanaume wa namna yake wamekwisha duniani. Bisimwa alijisikia vizuri kusikia hivyo, na siwezi kumlaumu. Jioni yote alirudia lile neno moyoni. Ni mimi, président. Ni mimi niliwatuma. Alilirudia akiosha miguu, akalirudia kitandani, likawa jepesi mdomoni, likawa linatoka hata bila yeye kufikiri. Asubuhi aliuruka mguu wa Firmin akiwa amefumba macho.

Bulonza alifika mapema na vijana wake wawili wenye mikanda mipana. Kina mama walikuwa wamekwisha kukusanyika kando ya baraza, majembe chini, wakingoja kupangiwa kazi. Maman Eulalie alikuwa mbele yao, na alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwani, kwa sababu alitaraji kwamba leo mwenyekiti ataiona kazi ya mkwe wake na kumsifu.

Mwenyekiti aliiona. Alisimama kwenye ukingo wa duara. Aliingiza kidole ndani ya kola ya abakosti yake, akailegeza. Nadhani na yeye alikuwa na mtu wake wa kumwogopa, huko juu, mwenye vijana wenye mikanda mipana zaidi. Alipogeuka uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Majani ya shimo ya tisa."

"Ndiyo, président," Bisimwa akasema.

"Bageni bataingia siku ya Jumamosi. Majani ya shimo ya tisa iko wapi?"

"Ilitoka, président."

"Ilitoka na miguu yake?"

Gaston alikohoa, akaona afadhali asikohoe.

"Mimi naomba jina moja tu," Bulonza akasema taratibu. "Moja. Nani alitoa majani yangu?"

Sasa. Neno lilikuwa pale, jepesi, lililokwisha kulainishwa usiku kucha. Bisimwa akafungua mdomo. Mmoja wa wale vijana, pengine bila nia yoyote, akafungua bizimu ya mkanda wake na kuanza kuuvuta taratibu kutoka kiunoni, na Bisimwa akausikia mguu wake wa kulia unakuwa mgumu kuanzia nyonga mpaka kisigino. Aliusikia kabisa. Akaona ngazi, akaona na yeye amekaa juu yake miaka yote, watu wanaruka.

"Ni Maman Eulalie," akasema. "Maman Eulalie wa Cimpunda. Yule pale. Ni yeye njo alibaongoza."

Na alinyoosha kidole.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini Bisimwa hakujikwaa. Alisema vizuri, kwa sauti ya kusikika, na kina mama wote walimsikia. Wale waliojua ni nani kwa nani wakashusha macho chini. Mmoja akashika kichwa.

Maman Eulalie hakushtuka namna ambavyo mtu angetegemea. Alitazama lile duara, akatazama uso wa Bulonza, na taratibu akaelewa kwamba kile alichokisafisha hakikuwa uchafu. Hilo lilimuumiza, ilionekana. Kisha akaelewa lile lingine, kwamba aliyelitaja jina lake ni mkwe wake. Akasogea mbele peke yake, akaliweka jembe lake chini.

"Ni miye," akasema. "Hakuna mutu alinituma."

Vijana wakamshika mikono kila mmoja upande wake. Alikuwa mwembamba kati yao. Mmoja akamfunga viganja kwa kile kitambaa chake cha kichwani, na nywele zake nyeupe zikaonekana mbele ya mkwe wake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bisimwa alitaka kusema hapana. Nasema alitaka, kwa kuwa nina hakika, lakini kutaka hakusikiki.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa wanampandisha mama kwenye jipi wakati gari lingine lilipoingia, na mzungu mmoja mzee akashuka, fimbo ya gofu mkononi badala ya bakora. Zamani za Wabelgiji alikuwa na shamba la kwinini upande wa Kabare; sasa wageni walikuwa wamemtanguliza aje kutazama kama mambo yako tayari. Bulonza akamkimbilia, akasimama kati yake na shimo la tisa, akaanza kueleza habari za ukame. Mzee hakumsikiliza. Alimpita, akafika kwenye duara, akapiga udongo kwa kisigino. Akainama, akaupapasa kwa kiganja. Akacheka peke yake, kisha akatoa leso akafuta macho.

"Nani alikumbuka?" akauliza, kwa kile Kiswahili cha Wazungu wa zamani, chenye amri hata katika kuomba. "Hapa hakukuwa majani hata siku moja. Majani ya namna ile ilikuwa kule Ulaya tu, hapa jua na mvua ilikataa. Tulikuwa na udongo ya kupiga, na mchanga juu, na mafuta ya moteri kidogo isiruke na upepo. Mumerudisha kama vile ilikuwa. Nilifikiri nitakuta majani tu, kama fasi yote."

Akaweka mpira chini, akausukuma kwa fimbo yake. Mpira ukaenda moja kwa moja juu ya udongo wa Cimpunda, bila kuruka, ukaingia shimoni.

Bulonza hakupata uenyekiti kwa bahati. Alimeza mate mara moja tu.

"Komite ilifanya recherche," akasema. "Recherche ya nguvu sana, ya kutafuta vile ilikuwa zamani. Na citoyenne huyu njo alisimamia kazi. Tulikuwa tunamupandisha mu jipi, tumupeleke apumzike." Akawakonyeza vijana wake, nao wakafungua kile kitambaa haraka kuliko walivyokifunga. Kitenge cha Chama kikatolewa kwenye gari, kipya, bado kimekunjwa, Maman Eulalie akawekewa mabegani, na watu wakaamriwa wapige makofi. Wakapiga. Gaston alipiga kuliko wote. Mchanga ulikuwepo, aliouleta mwenyewe, na mafuta machafu ya lori yalikuwepo; kazi ya wiki nzima ikawa rahisi ghafla.

Bisimwa hakupiga makofi. Moyoni alikuwa anamshukuru Mungu, Bikira Maria na yule Mbelgiji, bila mpango. Hakuna aliyepigwa. Hakuna mfupa uliovunjika. Adélaïde atampata mumewe mzima na mama yake mzima, na mengine yote yatakwisha, alijiambia, ni maneno tu.

Ndipo alipomwona mama mkwe anakuja.

Kwa mazoea ya miaka akatoka nje ya njia, akainamisha uso, akangoja apite. Hakupita. Naye alitoka nje ya njia, akamfuata mpaka alipo, akasimama mbele yake karibu kabisa, kichwa wazi. Hakutafuta mtu wa tatu. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alimtazama machoni kawaida tu, jinsi unavyomtazama mtu anayeuza stempu posta, na akamnyooshea mkono.

"Bonjour, citoyen," akasema.

Bisimwa akaupokea mkono ule, kwa sababu hakujua la kufanya. Ulikuwa mkavu, una udongo, na hakuwahi kuugusa tangu aoe. Mama akautikisa mara moja kwa adabu, akauachilia. Kisha akaokota jembe lake, akapanda na wenzake njia ya Cimpunda, ile inayopita mbele ya nyumba ya Adélaïde. Bisimwa alibaki chini, maana mwenyekiti alikuwa anamwita aje apigwe picha.